Mdogo wangu anasubiri kuhukumiwa kwa kokeini Marekani: tumwombeje jaji ampunguzie adhabu?

SWALI: «Wakili, habari za kazi. Sisi ni Wakongo, tumekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, na tangu 2014 tunaishi Ohio na mama yetu. Mdogo wangu ana miaka 26. Mwaka jana alikamatwa akiendesha gari la kaka yetu, mtoto wa mama mkubwa, kutoka Chicago kuja Columbus. Kwenye tairi la spea polisi walikuta kilo sita za kokeini. Alikuwa amelipwa dola 1,500. Hajawahi kukamatwa kabla ya hapo. Amekiri kosa katika mahakama ya shirikisho, yuko mahabusu, na hukumu ni baada ya wiki kumi. Wakili aliyepewa na mahakama anasema kiwango cha chini ni miaka kumi, ila kuna njia ya kushuka kama ataeleza kila kitu. Yeye hataki, kwa sababu ya kaka yetu, ambaye bado yuko nje, na kwa sababu ya mama mkubwa. Kanisani wanataka kumwandikia jaji kwamba ni kijana mwema aliyesingiziwa. Baba mdogo anachangisha pesa kwenye kundi la WhatsApp, anasema kuna mtu wa kuongea na jaji, au tutafute wakili mwingine. Wengine wanasema kukiri hakusaidii, kwani kina Akasha, wale ndugu wa Kenya wa dawa za kulevya, nao walikiri, mmoja akafungwa miaka 25. Mdogo wangu ana grini kadi. Tumwombeje jaji amhurumie?»

JIBU

Pole sana, dada. Nianze na jambo ulilolitaja katikati ya swali kana kwamba ni dogo: mdogo wako anaogopa kusema, na wiki kumi zinakimbia. Barua za kanisa, michango, kubadilisha wakili, yote hayo yanaweza kungoja siku tatu nne. Hili haliwezi kungoja, kwa sababu huruma ya jaji unayoitafuta imefungiwa nyuma ya mlango, na ufunguo wake anao mdogo wako mwenyewe.

Kwetu tumezoea utaratibu mwingine. Mtu akishatiwa hatiani, hakimu anamwuliza ana lipi la kusema kabla ya adhabu, naye anajitetea: nina mke na watoto, wazazi wangu ni wazee, ni kosa langu la kwanza. Hakimu anapima, pengine anapunguza. Kwa hiyo familia nyingi zinazonijia huku Marekani huamini kazi ni kumlainisha jaji kwa maneno mazuri. Kwa kesi za dawa za kulevya za shirikisho, jaji huyo anaweza kuwa mwenye huruma kuliko wote na bado mikono yake ikawa imefungwa. Bunge la Marekani limeweka viwango vya chini kulingana na uzito wa dawa. Kwa kokeini, gramu 500 na kuendelea ni miaka 5 isiyopungua. Kilo 5 na kuendelea ni miaka 10 isiyopungua, na juu inaweza kufika kifungo cha maisha. Sheria haiulizi mzigo ulikuwa wa nani wala dereva alilipwa kiasi gani. Kilo sita zikishaingia kwenye hati aliyokiri, jaji anaanzia kwenye miezi 120, na machozi ya mama hayawezi kuisogeza namba hiyo hata kwa wiki moja.

Ujue pia kwamba miaka kumi ya huku si ile ya kusema atatoka baada ya mitatu. Msamaha wa bodi ya parole haupo katika magereza ya shirikisho kwa makosa yaliyofanyika kuanzia Novemba 1, 1987. Kwa tabia njema mfungwa hupunguziwa hadi siku 54 kwa kila mwaka wa kifungo alichohukumiwa.

Sasa, chini ya kiwango hicho kuna milango miwili. Watu wengi huichanganya, na nahisi mdogo wako naye ameichanganya.

Mlango wa kwanza ni wa mwendesha mashtaka. Mshtakiwa akiisaidia serikali kwa kiasi kikubwa kuwakamata au kuwashtaki wengine, mwendesha mashtaka anaweza kumwomba jaji ashuke chini ya kiwango. Hapa ndipo penye kutoa ushahidi kizimbani na kukutana na wapelelezi mara kwa mara. Ufunguo anao mwendesha mashtaka: asipoleta ombi, jaji kwa kawaida hawezi kuufungua mlango huu mwenyewe. Na msaada usipokuwa na manufaa kwao, ombi halitakuja.

Mlango wa pili ni kifungu cha 3553(f) cha sheria za makosa ya jinai. Mwambie wakili namba hiyo, ataelewa mara moja. Mawakili wanakiita kwa jina la ile vali ya usalama inayotoa mvuke ili chungu kisipasuke. Ndiyo njia ambayo wakili wenu amewaeleza, na imewekwa kwa ajili ya watu kama mdogo wako: dereva, mbebaji, mtu wa pembeni. Masharti ni matano. Asiwe na historia nzito ya makosa. Yeye hana kabisa. Asiwe ametumia nguvu, vitisho au silaha katika kosa hilo. Asiwepo aliyekufa au kujeruhiwa vibaya kutokana na kosa. Asiwe kiongozi wala mpangaji. Na la tano, kabla au ifikapo wakati wa kusomewa adhabu, awe ameieleza serikali kwa ukweli kila anachokijua kuhusu kosa lake na mengine yanayohusiana nalo. Akitimiza yote matano, kile kiwango cha miaka kumi hakimfungi jaji tena. Mwendesha mashtaka ana haki ya kutoa maoni yake, lakini anayeamua ni jaji.

Tazama tofauti. Mlango huu haumtaki atoe ushahidi dhidi ya mtu yeyote mahakamani, wala avae kinasa sauti. Sheria yenyewe inasema kwamba kama hana habari mpya, au serikali ilikwisha kuyajua yote, hilo halimnyimi nafasi. Kinachotakiwa ni ukweli mzima. Mara nyingi hufanyika kwa kikao kimoja, yeye na wakili wake upande mmoja wa meza, mwendesha mashtaka na mpelelezi upande wa pili. Wakati mwingine kwa maandishi. Tangu sheria ya First Step ya 2018, iliyolegeza adhabu za shirikisho, anayoyasema kwa ajili ya mlango huu hayawezi kutumiwa kumwongezea adhabu, isipokuwa yahusu kosa la ukatili.

Lakini sitakuficha upande mchungu. Ukweli mzima maana yake ni pamoja na jina la kaka yenu. Ataulizwa gari ni la nani, nani alimpigia simu, nani alimpa pesa, alikwenda Chicago mara ngapi. Akisema «simjui», au akisema nusu na kuacha nusu, mpelelezi mwenye rekodi za simu mezani atamwacha amalize kisha atafunga daftari. Nusu ya ukweli hapa ni sawa na kunyamaza, na uongo ni kosa jingine. Na maelezo yake yanaweza kutumika dhidi ya huyo kaka. Kwa hiyo chaguo ni lake, si lako wala la mama mkubwa, na nisingependa familia imsukume upande wowote. Nataka tu achague akijua anapima nini: kumkinga kaka aliyempa mzigo na kumwacha barabarani peke yake, dhidi ya miaka yake mwenyewe. Kama kuna vitisho, kama kuna mtu amempitia mama au amekutumia ujumbe, mweleze wakili leo hii, ana kwa ana. Zipo njia za kuyafanya haya kwa tahadhari, lakini wakili hawezi kuzitumia kwa hatari asiyoijua.

Acha nikuonyeshe kwa namba. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Booker ya 2005, mwongozo wa adhabu wa shirikisho haumlazimishi jaji, lakini bado lazima auhesabu kwanza. Mwongozo huo hupanga uzito wa kosa kwa ngazi: ngazi ikishuka, miezi nayo hushuka. Kokeini ya kilo 5 hadi pungufu ya 15 huanzia ngazi ya 30. Kwa asiye na makosa ya nyuma ngazi hiyo ni miezi 97 hadi 121, na kiwango cha lazima kinaisukuma hadi 120. Akipita mlango wa 3553(f), kwa kawaida hupunguziwa ngazi mbili. Kukiri mapema na kubeba wajibu, ngazi tatu. Kutokuwa na alama hata moja ya makosa ya zamani, kwa kanuni iliyoanza Novemba 2023, ngazi mbili nyingine, mradi masharti yake yatimie. Jaji akikubali kwamba alikuwa na nafasi ndogo katika mtandao huo, angalau mbili zaidi. Tunafika ngazi ya 21: miezi 37 hadi 46. Toka hapo ndipo jaji anapoweza kusikiliza habari za maisha yake na kushuka zaidi akiona inafaa, kwa sababu sheria inamtaka atoe adhabu inayotosha bila kuzidi inavyohitajika.

Sikuahidi miezi 37. Sijaliona faili, na ile ya nafasi ndogo hubishaniwa sana, hasa kama safari zilikuwa zaidi ya moja. Ninachotaka uone ni jinsi zile ngazi zinavyotegemeana. Bila ule mlango, punguzo zote hizo zinabaki karatasini, kwa sababu miezi 120 inasimama palepale.

Ndiyo maana mfano wa kina Akasha hauwafai. Ni kweli Baktash Akasha alikiri mjini New York na Agosti 2019 Jaji Victor Marrero akamfunga miaka 25, na Januari 2020 ndugu yake Ibrahim akafungwa miaka 23. Lakini wale walikuwa vichwa vya mtandao, na kati ya waliyokiri yalikuwamo makosa ya silaha na ya kuwahonga maofisa ili kuzuia haki. Kiongozi haruhusiwi kupita kwenye mlango ninaokueleza, na mwenye silaha vilevile. Dereva wa dola 1,500 asipimwe kwa mizani ya tajiri wa mzigo. Na kazi ya kumfanya jaji aione tofauti hiyo ni ya wakili na yenu.

Nije kwenye kazi yenu, maana ipo, na ni kubwa kuliko mnavyodhani. Kabla ya hukumu, afisa wa probesheni wa mahakama huandika ripoti ndefu juu ya mdogo wako: alizaliwa wapi, alilelewaje, shule, kazi, afya, ulevi, ndoa, deni. Atamhoji akiwa na wakili wake, na kwa kawaida atakupigia wewe au mama kuhakikisha. Rasimu hutolewa angalau siku 35 kabla ya hukumu, na pande zote zina siku 14 za kuipinga. Jaji huisoma ripoti hiyo kabla hajamwona mdogo wako amesimama mbele yake. Magereza nayo huipokea, na kwayo huamua atapelekwa gereza gani na atapewa programu zipi. Kosa likiachwa humo litamfuata miaka yote.

Watu wetu huharibu hapa kwa namna mbili. Ya kwanza ni lugha. Afisa akiuliza kama ana ndugu, kijana atajibu wanane, akihesabu watoto wa baba mdogo na wa mama mkubwa. Wewe ukipigiwa utasema watatu. Kwenye ripoti inaonekana mmoja wenu anadanganya. Na katika kesi hii hasa, yule mnayemwita «kaka» ataandikwa kama mtoto wa mama yenu. Mdogo wako ana haki ya mkalimani mahakamani, na hata kama Kiingereza chake ni kizuri cha ghalani na dukani, nashauri wakili aombe wa Kiswahili kwa mahojiano hayo. Tena aseme ni Kiswahili cha Kongo na Kigoma, maana mkalimani aliyekulia kwingine anaweza kukwama kwenye maneno yenu.

Ya pili ni aibu. Vijana wetu wa kiume wakiulizwa kuhusu usingizi, majinamizi, pombe, bangi, wanasema «niko sawa». Nimesoma ripoti za watu waliokulia kambini zenye mstari mmoja tu: «utoto wa kawaida». Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu, akakua kwa mgao wa unga na maharage, akaambiwa kila mwaka kwamba safari iko karibu, na akazisikia usiku habari za ndugu waliouawa Kongo, hakuwa na utoto wa kawaida. Jaji wa Ohio hawezi kulijua hilo kama hakuna aliyemwambia. Kusema hivyo hakuna maana ya kutafuta kisingizio. Ni kumpa jaji mtu mzima wa kumhukumu badala ya kilo sita zilizoendesha gari. Kusanya karatasi: fomu za UNHCR, cheti cha shule, barua za kliniki, hati za mishahara. Mwulize wakili kama anaona haja ya mwanasaikolojia. Kwa mshtakiwa asiye na uwezo, mahakama inaweza kumlipia mtaalamu wa namna hiyo wakili akiomba mapema.

Barua za kanisani sasa. Zinasaidia kweli, lakini hiyo mnayotaka kuiandika ingemwumiza. Mdogo wako amekiri kwa kiapo. Mchungaji akiandika kwamba amesingiziwa, jaji ataelewa mojawapo ya mawili: mchungaji hajui habari za kesi, au kijana anawaambia nyumbani tofauti na alivyomwambia yeye. Hilo la pili linaweza kugusa hata zile ngazi tatu za kubeba wajibu.

Barua njema ni ya mtu mmoja anayeeleza alichokiona kwa macho yake. Mfano: «Mheshimiwa Jaji, najua amekiri kubeba kokeini, na sitetei alichofanya. Mimi ni jirani yao. Mama yake ana kisukari. Kwa miaka miwili, saa kumi na mbili asubuhi akitoka zamu ya usiku, nilikuwa naliona gari lake likiingia, taa ya jikoni ikiwaka, naye anamchoma mama sindano kabla ya kulala. Tangu akamatwe, mimi ndiye ninayekwenda.» Barua hiyo haina neno «mwema», haina «mcha Mungu», na jaji hataisahau. Kumi za namna hiyo zinatosha. Orodha ya sahihi mia tatu za waumini chini ya barua moja haisomwi kwa uzito. Atakayeandika kwa Kiswahili aandike kwa Kiswahili, itafsiriwe, zote mbili ziambatanishwe. Inasikika kweli kuliko Kiingereza cha kuazima. Msimwambie jaji atoe miaka mingapi. Na barua zote zipitie kwa wakili. Msizitume mahakamani wenyewe, kwani barua ikishaingia kwenye jalada hairudi, na mwendesha mashtaka ataisoma.

Kuhusu baba mdogo, niseme wazi bila kumvunjia heshima. Huyo mtu wa kuongea na jaji ama ni tapeli, ama anawaingiza kwenye jinai. Majaji wa shirikisho hawaonwi pembeni. Pesa ikitoka kwa nia hiyo, waliochanga na aliyepokea wanaweza kushtakiwa, na mdogo wako atasimama siku ya hukumu akiwa na kosa jipya la familia yake mgongoni. Zuieni jambo hilo leo, na maongezi yake yasiendelee kwenye kundi.

Wala msikimbilie kubadilisha wakili kwa sababu tu huyu halipwi na ninyi. Kwetu cha bure hudharauliwa, lakini mawakili wa umma wa mahakama za shirikisho wanashughulika na kesi hizi kila siku, na mara nyingi wanamjua jaji na mwendesha mashtaka kuliko wakili wa mtaani anayeandika wosia asubuhi na kesi za talaka jioni. Huyu wenu amewaeleza jambo sahihi kabisa. Kama hapokei simu, hamtembelei mdogo wako au hakueleza masharti yale matano, mwandikie, omba kikao. Wiki kumi kabla ya hukumu, mgeni atatumia nne kusoma faili tu.

Mchango huo wa kundi la WhatsApp upelekeni kwa wakili wa uhamiaji. Hapa nitakuambia habari nzito. Kosa la kusambaza dawa za kulevya linahesabiwa na sheria ya uhamiaji miongoni mwa makosa mazito kabisa, na mwenye grini kadi anaweza kuondolewa nchini hata kama kifungo ni kifupi. Kupunguziwa miaka hakuondoi hatari hiyo. Tangu Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Padilla mwaka 2010, wakili wa jinai anawajibika kumweleza mteja wake matokeo ya uhamiaji kabla hajakiri. Mwulize alielezwa nini na lini. Zipo kinga chache zinazobaki kwa mtu anayeogopa mateso akirudishwa Kongo, na kwa baadhi yake urefu wa kifungo una uzito wake, hasa kinapofika miaka mitano. Wakili wa uhamiaji azungumze na wakili wa jinai kabla ya hukumu, wala si baada yake. Hakikisheni pia kama mama alipata uraia kabla mdogo wako hajatimiza miaka 18, naye akiwa anaishi naye huku kwa grini kadi. Kuna watu ambao ni raia bila kujijua, na hilo lingebadilisha kila kitu.

Amri ya kuondolewa inagusa pia maisha ya gerezani. Mwenye amri ya mwisho hawezi kutumia siku za punguzo zinazopatikana kwa programu za sheria ya First Step, na aliyewekewa zuio la uhamiaji, yaani idara ya uhamiaji imeomba ikabidhiwe yeye akimaliza kifungo, kwa kawaida hapati kutoka mapema kwa kumaliza programu ya kuacha ulevi. Wakili anaweza kumwonyesha jaji kwamba miezi ileile ni mizito zaidi kwa mtu wa namna hii. Wapo majaji wanaolizingatia, wapo wasiolizingatia.

Simu. Kila mnapoongea naye akiwa mahabusu mnarekodiwa. Ukiacha simu na mikutano na wakili wake, hesabu kwamba hakuna faragha. Najua mnaongea Kiswahili, pengine Kibembe mkitaka kuficha zaidi. Serikali ina watafsiri. «Yule mtu wa Chicago», «mzigo», «mwambie kaka atulie», yote hutafsiriwa. Neno moja la kumwonya kaka au kumshauri mdogo wako afiche kitu linaweza kumwongezea ngazi za kuzuia haki, kumnyang'anya zile za kukiri, na kukuingiza wewe kwenye kesi. Kwenye simu ulizeni afya, mwimbieni wimbo, mwambieni mama amekula nini.

Siku ya hukumu mdogo wako atapewa nafasi ya kusema mwenyewe. Nilikuwapo mahakamani siku moja kijana wa kwetu aliposema kwa Kiswahili, kwa majuto ya kweli, «Mheshimiwa, shetani alinipitia.» Mkalimani akatafsiri neno kwa neno. Nilimwona jaji akiinua macho kutoka kwenye karatasi, na nikajua amesikia nini: mtu anayemsukumia mwingine kosa lake. Sisi tunajua kwamba kwa Kiswahili ile ni namna ya kukiri kwa unyenyekevu. Kwa Kiingereza ilikuwa kukana. Vivyo hivyo «naomba radhi kwa yaliyotokea», kana kwamba yalitokea yenyewe. Mdogo wako aseme sentensi fupi zenye «mimi» ndani yake: nilijua kuna kitu kwenye gari, nilitaka zile pesa, nilikubali. Kisha aseme kokeini ile ingefika kwa nani, na yeye amefanya nini tangu akamatwe. Aiandike kwa mkono wake, aifanyie mazoezi na wakili na mkalimani. Ninyi mkae nyuma, kimya, mama akiwa mbele ya wote mahali ambapo jaji anaweza kumwona. Na mkumbuke kwamba muda wa kukata rufaa ni siku 14 baada ya hukumu kuandikwa, ingawa wengi huwa wameisalimisha haki hiyo kwa sehemu kubwa katika makubaliano ya kukiri.

Jumatatu mpigie wakili na umwulize haya: kikao cha 3553(f) kimepangwa lini, mahojiano ya probesheni ni lini na mkalimani ni nani, ripoti itatoka tarehe ngapi, na amezungumza na wakili wa uhamiaji gani. Kisha omba aende kumwona mdogo wako ana kwa ana amweleze tofauti ya ile milango miwili, kwa Kiswahili, bila haraka.

Na mama mkubwa? Usimpigie simu kumwomba ruhusa, wala usimpelekee habari za kikao, kwa sababu chochote utakachomwambia kitamfikia mwanawe kesho yake. Akikuuliza, mwambie kesi iko kwa wakili na umekatazwa kuizungumza. Ni kweli, maana mimi nakukataza. Nenda kwake kama ulivyokuwa ukienda siku zote, ukae naye jikoni, umsaidie kuchagua maharage. Yeye naye anajua mwanawe anafanya kazi gani, na yeye naye halali.